Lambo Linavuja: Kusoma Dalili za Tuta la Udongo na Kujua Nani Yuko Chini Yake

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye lambo lake mwenyewe: la kunyweshea ng'ombe Kwimba, la kumwagilia nyanya na matikiti Magu, la kufugia sato Misungwi au Sengerema, mkoani Mwanza, Tanzania. Lambo la mtu binafsi mara nyingi lina mlinzi mmoja, jembe moja, na tuta lililosukumwa na katapila miaka mingi iliyopita, na fundi aliyelijenga hapatikani tena. Vuli ikianza Oktoba, na tena masika ya Machi hadi Mei, ndipo tuta hilo linapopimwa kweli.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, kuna maswali mawili ambayo wenye malambo huyachanganya, na kuyachanganya huko kunaua watu.

Daraja la hatari si cheti cha afya ya tuta

Swali la kwanza ni hili: tuta likikatika leo usiku, nani atakufa na nini kitaharibika? Jibu lake ndilo daraja la hatari la bwawa. Swali la pili ni tofauti kabisa: tuta lenyewe liko katika hali gani? Tuta imara lisilo na hata ufa mmoja linaweza kuwa daraja la juu, kwa sababu tu chini yake kuna shule ya msingi. Tuta bovu, lenye mashimo na vichuguu, linaweza kuwa daraja la chini, kwa sababu maji yake yakimwagika yatapita kwenye mbuga tupu hadi ziwani. Kwa hiyo mwenye lambo akiambiwa “bwawa lako ni la hatari ya juu”, hajatukanwa wala hajaambiwa kuwa amejenga vibaya. Ameambiwa kuwa ana watu chini yake.

Nchi hazigawi madaraja kwa namna moja, lakini msingi ni huo huo. Marekani, bwawa ambalo kukatika kwake kunatarajiwa kuua hata mtu mmoja huingia daraja la juu. Afrika Kusini, tuta lenye kimo cha zaidi ya mita 5 na uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo 50,000 huhesabiwa kuwa bwawa lenye hatari ya kiusalama, kisha hupangwa kwa watu wanaoweza kupoteza maisha: hakuna, wasiozidi 10, au zaidi ya 10. Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na mwenye bwawa ana wajibu wake hata kama amelijenga kwa fedha zake kwenye shamba lake. Kwa upande wetu wa ziwa, mlango wa kugonga ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake jijini Mwanza.

Wengi hunijibu kwamba lambo lao ni dogo. Tupige hesabu basi. Chukua lambo la mita za ujazo 50,000 lenye maji ya kina cha mita 5 kwenye tuta. Kwa kanuni mojawapo ya makadirio ambayo wahandisi huitumia, tuta likikatika mkondo wake unaweza kufika kiasi cha mita za ujazo 100 kwa sekunde. Hizo ni tani 100 za maji kila sekunde, ndani ya korongo ambalo watoto hulivuka kiangazi chote bila kulowa magoti. Sehemu kubwa ya lambo inaweza kuwa imekwisha ndani ya nusu saa. Na maji yaendayo kasi hayahitaji kina kirefu: sentimeta 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimeta 60 zinabeba gari.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilikatika baada ya mvua nyingi na kuua watu wasiopungua 47. Lilikuwa bwawa la shamba, la aina ile ile tunayoiita ndogo.

Kupata picha ya daraja lako hakuhitaji kompyuta. Tafuta asubuhi moja ya kiangazi, anzia mguuni mwa tuta upande mkavu, ufuate korongo kwa miguu mpaka linapoingia mto mkubwa au ziwa. Andika kila kitu kilicho ndani ya bonde na kwenye kingo zake za chini: nyumba, visima, kalavati la barabara, zahanati, mnada wa ng'ombe. Usisahau majaruba ya mpunga. Mpunga ukianza kukomaa, watu huhamia kwenye vibanda na madungu kuamia ndege, na wengine hulala huko huko wiki kadhaa. Ukihesabu nyumba peke yake utasema hakuna mtu bondeni, wakati kuna akina mama na watoto wamelala mita mia tatu chini ya tuta lako, tena msimu ule ule ambao lambo limejaa. Kwa hiyo andika wanaolala humo na miezi wanayolala. Daraja rasmi litatolewa na mtaalamu pamoja na mamlaka, lakini orodha hii ndiyo itakayokuambia uharakishe kiasi gani unapoona dalili zinazofuata.

Dalili: maji yanatoka mguuni mwa tuta

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Usikimbie ukiona unyevu, na usitulie pia. Tazama mambo matatu: rangi ya maji, kiasi chake, na kama yamebadilika tangu ulipoangalia mara ya mwisho.

Rangi ndiyo ya kwanza. Kinga maji hayo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iweke kivulini, na baada ya saa moja angalia chini ya chupa. Maji safi yasiyoacha kitu ni maji yanayopenya polepole katikati ya punje za udongo. Chupa ikiwa na tabaka la vumbi laini au mchanga chini, hilo ni tuta lako limo ndani ya chupa. Kinachotokea ni mmomonyoko wa ndani: maji yamepata njia, yanachomoa punje upande wa kutokea, njia inarefuka kurudi nyuma kuelekea kwenye maji, na kadiri inavyorefuka ndivyo maji yanavyopata nguvu. Kwenye uwanda wa mguu wa tuta utaona kichemchemi kidogo kinachochemka polepole katikati, na kuzunguka tundu lake kuna kilima cha mchanga laini, cheupe au cha kijivu, kilichopangika vizuri kabisa kwa duara. Kinapendeza kwa macho. Ukikiona, shughuli nyingine zote za siku hiyo zimeahirishwa.

Kasi ya jambo hili watu hawaiamini mpaka waione. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilikuwa tuta la udongo lenye kimo cha zaidi ya mita 90, jipya, likiwa ndiyo kwanza linajazwa. Tarehe 5 Juni 1976 asubuhi yalionekana maji machafu yakitoka upande mkavu. Matingatinga yaliletwa kuziba, na hayo nayo yakamezwa. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa.

Kiasi kinapimwa hivi: chimba kimfereji kikusanye maji yote ya sehemu hiyo, weka kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 10, pima muda kwa simu. Sekunde 40 maana yake ni robo lita kwa sekunde. Andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na kina cha maji ndani ya lambo siku hiyo, kwa sababu namba moja bila nyingine haisemi kitu. Maji yakiongezeka lambo likijaa na kupungua likipungua, tuta linafanya kazi yake ya kawaida. Lakini lambo likiwa kwenye kina kile kile, ndoo iliyojaa kwa sekunde 40 mwezi uliopita na leo inajaa kwa sekunde 25, njia inapanuka ndani. Na maji yakipungua ghafla bila sababu, usishangilie: huenda njia imeanguka ndani na maji yanatafuta nyingine.

Kisababishi utakijua kwa mahali maji yanapotokea.

Yakitokea pembeni mwa bomba la kutolea maji, kosa ni la ushindiliaji. Udongo unaozunguka bomba ni mgumu kushindilia, wafanyakazi hukwepa kuligonga, na maji hufuata ngozi ya bomba kama reli. Hapo ndipo ninapoangalia kwanza kwenye lambo lolote lenye bomba. Bomba lenyewe laweza pia kuwa limetoboka katikati ya tuta. Funga koki ya mwisho, na kama maji ya pembeni yanaongezeka, bomba limepasuka ndani.

Yakitokea ubavuni, pale tuta linapoegemea mlima, fikiria jiwe. Mwanza ni nchi ya mawe ya matale, na mjenzi hupenda kuegemeza tuta lake kwenye jiwe kubwa kwa sababu linaonekana imara. Jiwe ni imara kweli, ila uso wake ni laini na umeinama, na udongo ulioshindiliwa dhidi yake huacha mwanya. Dawa ya kudumu ni kuchimba upya sehemu hiyo, kusafisha jiwe, na kurudishia mfinyanzi wenye unyevu wa kutosha kwa tabaka za sentimeta 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata.

Yakitokea katikati, kwenye mkondo wa zamani wa korongo, huenda tuta lilijengwa juu ya mchanga bila kuchimba mtaro wa msingi hadi kwenye udongo usiopitisha maji. Ni kazi kubwa kurekebisha, na si ya mlinzi na jembe.

Kuna kisababishi kimoja zaidi ambacho wazee wa Usukuma wanakifahamu kwa jina la udongo. Luseni ni kichanga, kila mtu anajua kwamba hakishiki maji. Ibambasi ndiyo inayodanganya: kiangazi ni ngumu kama sakafu, sururu inaruka, mtu anadhani amepata udongo bora wa tuta. Lakini ina chumvi ya sodiamu nyingi, na udongo wa namna hiyo ukikutana na maji huyeyuka wenyewe bila kusukumwa. Pima kabla hujajenga au kukarabati: chukua donge kavu la ukubwa wa punje ya choroko, lidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Subiri. Donge likibomoka na kulala chini huku maji yakibaki safi, ni sawa. Likizungukwa na ukungu unaotambaa kwenye maji, udongo huo usiingie kwenye tuta bila ushauri wa mhandisi. Tumia maji ya mvua, si ya kisima, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi yanaweza kuuficha ukungu huo.

Sasa, cha kufanya maji yakiwa machafu. Usiyazibe upande yanakotokea. Kila mtu huanza hapo, anabeba mfinyanzi na magunia kuziba tundu, na maji yaliyozuiwa hutafuta pa kutokea mita mbili pembeni kwa nguvu zaidi. Yaache yatoke, ila uzuie udongo usitoke nayo: mwaga mchanga safi wa mtoni juu ya tundu, juu yake kokoto, juu yake mawe. Kama mchanga unatupwa juu na nguvu ya maji, zungushia viroba vya mchanga kwa duara, maji yapande kimo kidogo ndani ya duara na kupunguza msukumo, ndipo umwage kokoto. Upande wa maji ni kinyume chake. Ukiona maji yanazunguka na kuzama sehemu moja ndani ya lambo, hapo ziba kwa chochote: mfinyanzi, turubai lenye mawe, marobota ya majani. Wakati huo huo fungua bomba na anza kushusha maji. Na kama orodha yako ina watu wanaolala bondeni, watoke kwanza. Viroba vitafuata.

Dalili: maji yanakaribia kilele cha tuta

Kati ya matuta ya udongo yanayokatika duniani, karibu nusu hukatika kwa maji kupita juu, na karibu nusu nyingine kwa mmomonyoko wa ndani. Zege linaweza kuvumilia maji yakipita juu yake kwa muda. Udongo hauwezi. Maji yakishuka ubavu mkavu hukata mfereji, mfereji unakuwa pengo, na pengo halisubiri.

Kisababishi karibu siku zote kiko kwenye utoro wa maji, ile njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada. Jiulize kwanza kama ulitosha tangu mwanzo. Eneo la kilomita za mraba 2 linalotiririsha maji kuingia lambo, likipata mvua ya milimita 80, na nusu yake ikatiririka, linaleta mita za ujazo 80,000. Yakija ndani ya saa tatu ni wastani wa zaidi ya mita za ujazo 7 kwa sekunde, na kilele cha mkondo kitazidi wastani huo. Utoro wenye upana wa mita 10, maji yakipita kwa kina cha nusu mita, hupitisha takriban mita za ujazo 6 kwa sekunde. Ona jinsi nafasi ilivyo finyu hata kwa utoro unaoonekana mpana. Sasa ukiupunguza nusu umebaki na 3.

Na tunaupunguza kwa namna nyingi. Mfuga sato anaweka wavu samaki wasitoroke; mvua ya kwanza inaleta mabua, matawi na manyasi, wavu unageuka ukuta. Jirani anaona ardhi tambarare yenye unyevu kwenye utoro, analima majaruba mawili, anainua kingo. Mwenye lambo mwenyewe, na huyu ndiye ninayemlilia zaidi, anapanga viroba mdomoni mwa utoro mwishoni mwa masika ili apate nusu mita ya ziada ya kuvukia kiangazi, halafu Oktoba inafika viroba vikiwa bado pale. Nusu mita hiyo ndiyo iliyokuwa usalama wa tuta. Kati ya maji yanapofika utoro ukianza kutoa na kilele cha tuta panatakiwa pawe na angalau mita 1 kwa malambo yetu haya. Si nafasi iliyopotea bure.

Tarehe 31 Mei 1889 bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, tuta la udongo lililomilikiwa na klabu binafsi ya uvuvi na uwindaji, lilipitiwa na maji juu na kukatika. Utoro wake ulikuwa umewekewa vichujio vya chuma kuzuia samaki. Kilele kilikuwa kimepunguzwa kimo ili magari ya farasi yapate njia pana. Mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameng'olewa na mmiliki aliyetangulia na hayakurudishwa. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi katika mji wa Johnstown. Kila moja ya mambo hayo matatu unaweza kulikuta leo kwenye lambo la kufugia samaki kando ya Ziwa Victoria.

Kagua pia kilele chenyewe. Ng'ombe wakivuka mahali pamoja kila siku, au toroli na bodaboda zikipita, panazama. Maji hayatapita juu ya tuta lote. Yatapita pale palipozama sentimeta 30. Pima kwa mpira mwembamba wenye maji, ule mafundi ujenzi wanaousawazishia msingi, kuanzia mwisho mmoja wa tuta hadi mwingine, na rudishia udongo kwa kushindilia hadi kilele kiwe sawa.

Mvua ikiwa tayari inanyesha na maji yanapanda: kata wavu, toa viroba mdomoni mwa utoro, fungua bomba, panga viroba kwenye sehemu ya kilele iliyozama. Usikate tuta “kupunguza maji”. Mfereji wa upana wa jembe kwenye tuta lenyewe hupanuka mbele ya macho yako na hakuna anayeweza kuufunga. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na lambo la daraja la juu lisiingie kwenye siku za tahadhari ya mvua kubwa likiwa limejaa pomoni.

Dalili: nyufa kwenye tuta

Ufa unaofuata urefu wa tuta na ufa unaolikata tuta kwa upana si ndugu. Wa upana ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu ni njia tayari kutoka kwenye maji hadi upande mkavu. Husababishwa na tuta kuzama kwa viwango tofauti, mara nyingi karibu na jiwe au juu ya bomba. Wa urefu unaweza kuwa mkauko tu, hasa kwa udongo mweusi wa mbugani ambao kiangazi hupasuka hadi mkono kuingia, lakini ukiwa umepinda kama upinde na upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, ubavu wa tuta umeanza kuteleza.

Kujua ufa una kina gani, mimina maji ya chokaa ndani yake, subiri, halafu chimba shimo dogo ufuate alama nyeupe. Ukiishia sentimeta 20 au 30, chimbua, lowesha, shindilia. Ukiendelea kushuka chini ya usawa wa maji ya lambo likijaa, shusha maji na uite mhandisi. Ukaguzi wa nyufa ufanyike Septemba, kabla vuli haijazifunika. Mvua ya kwanza huzifunga juu tu, chini zimebaki wazi.

Dalili: ubavu umeporomoka

Ukiporomoka upande wa maji, uliza pampu zilifanya nini wiki hiyo. Tuta lililolowa hubanwa na maji yaliyo mbele yake. Ukiyaondoa haraka kwa pampu za dizeli, maji yaliyobaki ndani ya udongo yanausukuma nje. Katika hali ya kawaida usishushe zaidi ya sentimeta 30 kwa siku. Ukiporomoka upande mkavu lambo likiwa limejaa, au ukiona ubavu umevimba chini na umeloa juu, chukulia kama dharura: ondoa watu bondeni, shusha maji, na usipandishe katapila juu yake.

Dalili: miti, vichuguu na mashimo

Miti mikubwa haina nafasi kwenye tuta. Nyasi ndizo zake. Mti ukishakuwa mkubwa usiukate na kuacha kisiki, kwa kuwa mizizi itaoza na kuacha mabomba matupu. Ng'oa lambo likiwa chini, fukua mizizi, shindilia udongo mpya. Vichuguu fukua hadi kwenye vyumba vya mchwa, usisawazishe juu tu. Mashimo ya kenge na panya buku yafuate hadi mwisho wake. Upande wa maji ukiliwa na mawimbi ya upepo, panga mawe juu ya kokoto.

Dalili: daraja la hatari limepanda na hukugusa tuta

Hii haionekani ukisimama juu ya tuta. Lambo lililochimbwa zamani kwenye shamba la mbali na mji sasa limezungukwa. Mji wa Mwanza umetanuka kuelekea Kisesa, Usagara na Buswelu, viwanja vinapimwa, na mabonde ndiyo yenye viwanja vya bei nafuu. Tuta ni lile lile, maji ni yale yale, lakini chini kuna nyumba na watoto. Utoro uliopimwa kwa lambo lisilo na mtu chini yake hautoshi tena, kwa sababu bwawa la daraja la juu linatakiwa kuhimili mafuriko makubwa zaidi, yale yanayokuja mara chache sana.

Hapa wenye malambo husema: wao ndio wamenifuata, mimi nilitangulia. Ni kweli, na bado maji yatakuwa yako. Rudia matembezi ya bondeni kila kiangazi. Ukiona misingi mipya, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji na orodha mkononi, kabla nyumba hazijaezekwa, na upeleke habari hiyo Bodi ya Maji kwa maandishi. Kama huwezi kupanua utoro mwaka huu, shusha mdomo wake na uishi na maji machache zaidi hadi utakapoweza.

Uharaka, na simu ya mlinzi

Dalili ile ile haidai mwendo ule ule. Maji safi yanayoongezeka taratibu, bonde tupu: mhandisi ndani ya wiki, pima kila siku. Maji safi yanayoongezeka, watu wanalala chini: mhandisi kesho, anza kushusha maji leo, mwambie mwenyekiti leo. Maji machafu au kilele kupitiwa, bonde tupu: okoa tuta kama unaweza kufanya hivyo bila kumweka mtu mahali pa kufa. Maji machafu, na watu chini: ondoa watu kwanza, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama baadaye tuta litasimama.

Mpe mlinzi namba za simu, salio, na ruhusa ya kupiga kengele bila kukusubiri wewe. Mfundishe kusema kilichopo. “Shikamoo mzee, huku lambo linasumbua kidogo” haimsaidii mtu. Yenye faida ni hii: “Shikamoo mzee. Pale kwenye bomba upande mkavu maji yametoka machafu tangu saa kumi na moja, ndoo inajaa kwa sekunde 15, jana ilikuwa 40. Mvua inaendelea. Nimeshampigia mwenyekiti, anatoa watu kwenye majaruba.” Zimamoto na Uokoaji ni 114, Polisi ni 112. Wanaoishi bondeni wajue mapema wapande upande gani wa mlima, na wasivuke korongo kuwafuata ng'ombe.

Baada ya matengenezo

Mhandisi akija, mpe daftari la ndoo na vina vya maji, picha za nyufa zenye rula pembeni, na orodha ya bondeni. Vitamwokolea siku nzima. Tuta lililofunguliwa na kurudishiwa lichukuliwe kama jipya. Usiliache lijae kwa mvua moja: acha bomba wazi, lipande hadi theluthi, lisimame pale siku kadhaa huku ndoo ikipimwa asubuhi na jioni, kisha theluthi nyingine. Mkondo wa mguuni ukianza kubadilika rangi kwenye theluthi ya pili, simama hapo hapo, shusha, na muite mhandisi arudi kabla ya kuongeza hata kidole kimoja cha maji.